Mgongo wa Mama Lucia

Fortunata alikuwa mpishi katika shule ya sekondari iliyo pembeni mwa mji wa Sumbawanga, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka sita. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshafika jikoni, kajifunga kanga mbili na sweta juu kwa sababu ya baridi, anapuliza moto. Wanafunzi walikuwa zaidi ya mia nne. Uji saa nne, ugali na maharage saa saba. Kila siku hivyo hivyo, isipokuwa Ijumaa, siku ya makande.

Wapishi walikuwa wawili tu, yeye na Otilia. Otilia alikuwa mwembamba, mwingi wa maneno na mwepesi wa kucheka. Fortunata alikuwa mpana wa mabega na mchache wa maneno. Kiroba cha unga alikibeba peke yake kutoka stoo mpaka jikoni. Walimu wakimwona walisema, "Mama huyu ana nguvu za wanaume wawili." Yeye hakujibu kitu, lakini maneno hayo aliyapenda.

Nyumbani aliishi na mume wake, Evaristi, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko. Binti yao Lucia alikuwa anasoma Mbeya, shule ya bweni. Ndiyo maana majirani waliwaita Mama Lucia na Baba Lucia, na wao wenyewe waliitana hivyo.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zililowa. Moto ulikuwa wa kubembeleza, na maharage yalichelewa kuiva. Kengele ya chakula ilipokaribia kugongwa, Otilia alikimbia stoo kuchukua chumvi. Fortunata akabaki peke yake. Mara akasikia harufu. Sufuria la mwisho lilikuwa limeanza kushika chini.

Kwa kawaida masufuria yale waliyaepua wawili, huyu huku na yule kule. Fortunata alitazama mlangoni. Otilia hakuonekana. Basi akachukua matambara mawili, akainama, akashika sufuria, akalinyanyua mwenyewe. Lilikuwa limejaa. Alipogeuza kiuno ili aliweke chini upande wa kushoto, maumivu yalimkata kiunoni ghafla, kama kisu.

Sufuria lilimponyoka. Bahati nzuri lilitua wima, mchuzi ukamwagika sakafuni. Fortunata alibaki ameinama, mkono mmoja ukutani. Alijaribu kusimama wima, akashindwa. Alijaribu kukaa, akashindwa pia. Aliita mama yake kwa Kifipa, mama ambaye alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita.

Otilia aliingia na chumvi yake.

"Mama Lucia! Umeungua?"

"Sijaungua. Kiuno. Kiuno kimekatika."

"Ngoja nikamwite mkuu wa shule."

"Hapana!" Fortunata alimshika kanga. "Usimwambie. Akijua nimeumia, wiki ijayo utaona mpishi mwingine hapa. Mwambie nimeshikwa na malaria."

Otilia hakupenda kusema uongo, lakini alimwona mwenzake anavyotoka jasho kwenye baridi ile. Akakubali. Alimtafutia bajaji, akamsaidia kupanda. Njia nzima Fortunata alishikilia chuma cha kiti kwa mikono miwili. Kila shimo la barabara alilisikia kiunoni.

*

Evaristi alifika nyumbani mbio, mikono ina grisi ya minyororo. Alimkuta mke wake amelala ubavu kwenye mkeka, magoti kayakunja.

"Usitikisike," alisema. "Usitikisike hata kidogo."

Alitoa godoro kitandani, akaliweka chini sakafuni. Alimlaza chali. Alimfunika mablanketi mawili. Kisha akatoka nje, akasimama barazani akitazama mvua, na kwa muda mrefu hakurudi ndani.

Kuanzia siku ile Evaristi alifunga kibanda. Alipika, alifua, alichota maji. Ugali wake ulikuwa na mabonge na maharage yake yaliungua mara mbili, lakini alimlisha mke wake kwa kijiko kama mtoto. Akitaka kwenda chooni, alimbeba. Akitaka kugeuka, alimgeuza yeye. Fortunata akijaribu kuinua hata bega, alisikia sauti: "Mama Lucia! Nimekwambiaje?"

Siku mbili za kwanza alishukuru. Maumivu yalikuwa makali, na kulala kulimpa nafuu. Lakini siku ya tatu alianza kuona nafuu imesimama pale pale. Siku ya sita aliona mgongo umekakamaa kama ubao. Mapaja yalilegea. Siku moja Evaristi alipomsimamisha ili ambebe, kichwa kilimzunguka Fortunata, akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya kuumia.

Wanajumuiya wa kanisani walikuja kumwona. Walikaa kwenye viti kuzunguka godoro, wakasali, wakampa pole. Mama mmoja alisimulia habari za mtu wa Mtowisa aliyeumia mgongo akipakia mpunga. "Yule hakusimama tena," alisema, akatikisa kichwa. Fortunata alikuwa amelala pale pale, anasikia kila neno. Alijiuliza: kumbe ndiyo imekwisha? Ndiyo nitakuwa mtu wa kubebwa? Nina miaka arobaini na miwili tu.

Siku ya nane Evaristi alimwambia, "Nimempata mtu. Kuna mzee anasifika kwa kunyoosha viungo. Anamlaza mgonjwa kifudifudi, anamkanyaga mgongoni kwa visigino mpaka pingili zirudi mahali pake. Atakuja kesho jioni."

"Anikanyage?"

"Wengi wamepona."

Fortunata aligeuza uso ukutani.

*

Kesho yake mchana, mtu alipiga hodi. Alikuwa Josefina, jirani wa nyumba ya nne. Josefina alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wao. Alipita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, akipima watoto uzito na kuwakumbusha wajawazito kliniki. Baiskeli yake ilikuwa kwa Evaristi tangu wiki iliyopita.

"Baba Lucia, nimekwenda kibandani mara tatu, umefunga. Kuna usalama?"

"Mama Lucia anaumwa. Mgongo. Aliumia kazini."

"Lini?"

"Leo siku ya tisa."

"Na siku zote tisa amelala?"

"Sijamruhusu anyanyuke," Evaristi alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

Josefina alivua viatu, akaingia. Alipiga magoti kando ya godoro, akamshika Fortunata mkono.

"Pole, dada. Nieleze ilivyokuwa."

Fortunata alieleza yote: kuni mbichi, harufu, sufuria, kugeuka. Josefina alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Evaristi.

"Shemeji, tuchemshie maji, tafadhali. Nataka kuongea na mwenzangu mambo ya kike."

Evaristi alipotoka, Josefina alishusha sauti.

"Nitakuuliza maswali. Usione haya, ni ya lazima. Haja ndogo inatoka vizuri? Haikatai kutoka, wala haikuponyoki bila kujua?"

"Inatoka vizuri."

"Na haja kubwa?"

"Ngumu kidogo, ila naizuia mwenyewe."

"Hiyo ni kwa kulala sana. Je, katikati ya mapaja, ile sehemu unayokalia ukipanda baiskeli, kuna ganzi?"

"Hakuna."

"Miguu? Kuna mguu unaokufa ganzi, au unaoburuta?"

"Nasikia imelegea yote miwili. Ganzi hapana."

"Homa? Kikohozi cha muda mrefu? Jasho usiku? Umepungua mwili bila sababu? Una mimba?"

Kwa yote hayo Fortunata alitikisa kichwa. Kwa mimba alicheka kidogo, na kucheka kulimuuma. Josefina akamwambia asukume kiganja chake kwa unyayo, kwanza mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Miguu yote ilisukuma sawa.

"Vizuri," alisema Josefina. "Ungeniambia hata moja kati ya hayo lipo, sasa hivi tungetafuta gari la kwenda hospitali. Haja kukuponyoka au kukataa kutoka, ganzi ya sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu: hayo hayasubiri hata kesho. Lakini mimi si tabibu. Twende kituo cha afya wakuangalie."

Evaristi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria la maji.

"Twende vipi? Mtu hawezi kusimama."

"Hajajaribu."

"Na leo jioni kuna mzee anakuja kumnyoosha."

"Anakuja kumkanyaga," Fortunata alisema kutoka godoroni.

Josefina alimtazama Evaristi. "Shemeji, mtu akikanyagwa mgongo ulioumia, na hakuna aliyempima kujua ndani kuna nini, anaweza kuumizwa zaidi. Mwambie huyo mzee asije. Mpigie sasa hivi."

"Wewe hujui!" Evaristi aliweka sufuria chini kwa kishindo, maji yakaruka. "Wewe hujui mgongo ni nini. Mimi najua. Baba yangu, mzee Zenon, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mzigo wa mahindi ukamwangukia. Nilikuwa darasa la tano. Walimnyanyua kwa mikono na miguu, wakamkalisha, akapiga yowe. Walimleta nyumbani. Alilala miezi mitatu, hakunyanyuka tena. Nilimzika nikiwa na kaptula ya shule. Sasa unaniambia nimsimamishe mke wangu?"

Fortunata aliwahi kusikia kwamba baba mkwe wake alikufa kwa ajali. Habari ya kaptula hakuwahi kuisikia. Alielewa sasa kwa nini siku ile mume wake alisimama barazani muda mrefu.

"Pole sana, Baba Lucia," Josefina alisema taratibu. "Mimi sikumwona mzee, siwezi kusema alikuwa na nini. Lakini yeye alianguka kutoka juu, na mzigo ukamwangukia. Mtu wa namna hiyo hakalishwi wala hanyanyuliwi kwa mikono na miguu. Anaachwa alale palepale bila kukunjwa, inaitwa gari, analazwa juu ya ubao, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mama Lucia hakuanguka. Alinyanyua kitu kizito huku amejipinda. Ni vitu viwili tofauti. Ndiyo maana nataka wampime, ili nawe uamini."

Evaristi aliketi kwenye kiti. Alitazama mikono yake.

"Baba Lucia," Fortunata alisema. "Nataka kwenda."

*

Kituoni walipokelewa na tabibu aliyeitwa Vicent, kijana mwenye miwani. Fortunata alitembea kutoka kwenye bajaji mpaka benchi, amemshika Evaristi mkono mmoja na Josefina mkono wa pili. Hatua zilikuwa kama ishirini tu. Zilimuuma, lakini alizitembea.

Vicent alimuuliza maswali yale yale ya Josefina, na mengine zaidi. Alimgonga magoti kwa kinyundo kidogo. Alimnyanyua mguu mmoja mmoja, akampapasa pingili za mgongo moja baada ya nyingine. Alimwambia asimame kwa vidole, kisha kwa visigino.

"Mama, sioni dalili ya kuvunjika wala ya mishipa ya fahamu kubanwa," alisema. "Misuli na nyuzi za kiuno zilivutika kwa nguvu. Inauma sana, lakini si ugonjwa wa kulemaza. Watu wengi wanaopatwa na hali hii hupona ndani ya wiki chache."

"Mpige picha," Evaristi alisema. "Na sindano."

"Mzee, picha inaonyesha mifupa. Msuli uliovutika hauonekani kwenye picha. Ningekuwa nimeona dalili ya hatari, ningemtuma hospitali ya mkoa leo. Na sindano haiponyi zaidi ya vidonge. Mama, una vidonda vya tumbo?"

"Sina."

"Basi nitakupa vidonge vya siku chache. Umeze ukiwa umekula. Dawa ni ya kukusaidia utembee. Kutembea ndiyo tiba yenyewe."

Evaristi alimkazia macho. "Kutembea?"

"Ndiyo. Kulala siku moja, mbili, maumivu yakiwa makali, si vibaya. Ukilala wiki nzima misuli inalegea na mgongo unakakamaa. Kisha ukisimama unaumia, unafikiri ugonjwa umezidi, unalala tena. Umeshaona hivyo, mama?"

"Nimeona," Fortunata alisema.

"Anza leo. Mpaka getini na kurudi, mara nne au tano kwa siku. Kesho ongeza kidogo. Usikae kwenye kiti muda mrefu, wala usisimame mahali pamoja. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitenge usiungue, weka kiunoni. Kazi ndogo ndogo fanya. Vizito subiri kwanza."

"Na nikisikia maumivu?"

"Utayasikia. Maumivu kidogo ukitembea hayana maana kwamba unachanika upya. Yakizidi, punguza, usiache. Lakini miguu ikiishiwa nguvu, ikija ganzi pale ulipoulizwa, au haja ikikataa, njoo siku hiyo hiyo."

Alichukua kalamu. "Uliumia wapi?"

Fortunata alimtazama Josefina. "Nyumbani," alisema.

Josefina alikohoa. Tabibu alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Kazini," Fortunata alisema mwishowe. "Jikoni, shuleni."

"Nitaandika hivyo. Cheti hiki mpe mkuu wako wa shule, na umwambie tarehe na ilivyotokea. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mama. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri ndiye anayepeleka taarifa huko. Hawezi kupeleka asichokijua."

*

Jioni ile Fortunata alitoka mpaka getini. Evaristi alimfuata nyuma, mikono kaitanua kama mtu anayefukuza kuku bandani. Majirani walichungulia. Fortunata alishika nguzo ya geti, akavuta pumzi. Baada ya mvua, hewa ilikuwa baridi na safi. Alikuwa hajaiona barabara kwa siku tisa.

Siku ya nne ya kutembea alifika kwa Josefina. Siku ya saba alifika kanisani na kurudi, akipita ukingoni kukwepa utelezi. Alichambua mchele amesimama mezani, akachoka akakaa, akachoka kukaa akatembea. Evaristi alifungua kibanda, lakini kila saa alipiga simu. "Umelala?" "Sijalala." "Usije ukanyanyua kitu." "Sijanyanyua."

Siku ya kumi na moja alinyanyua. Alijisikia vizuri, na ndoo ya maji ilikuwa pale, imejaa mpaka juu. Aliivuta kwa mkono mmoja huku anageuka. Kiuno kilimkata tena, palepale.

Evaristi alipofika nyumbani alimkuta ameegemea meza.

"Nilisema!" alipiga kelele. "Nilisema mimi! Hao wasomi wako na kutembea kwao!" Alikuwa tayari ameshalivuta godoro chini.

Fortunata alilitazama lile godoro. Lilikuwa linamwita, kusema kweli. Angeweza kulala pale, akalishwa, akageuzwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifikiria yule mtu wa Mtowisa, ambaye hata jina lake hakulijua.

"Baba Lucia," alisema. "Nimekosea kwa ndoo. Sikukosea kwa kutembea. Nitalala saa moja, na chupa ya moto. Halafu nitanyanyuka."

"Ukianguka?"

"Miguu ina nguvu. Ganzi sina. Nimejiuliza maswali yote ya Josefina kabla hujafika."

Evaristi alitoka nje. Fortunata alimsikia akitembea uani, huku na huku, anapiga teke kopo. Saa moja ilipita. Fortunata aligeuka ubavu, akasukuma kwa mikono, akashusha miguu, akakaa, akasimama. Alipofika mlangoni, Evaristi alikuwa amesimama hapo na viatu vyake mkononi.

"Vaa," alisema. "Tutafika kwa Josefina tu. Ukichoka unaniambia."

Walitembea pamoja. Safari hii hakumfuata nyuma. Alitembea kando yake.

*

Jumatatu iliyofuata Fortunata alikwenda shuleni na cheti. Mkuu wa shule, Mwalimu Zephania, alikisoma mara mbili.

"Mama Fortunata, mimi niliambiwa malaria."

"Nilimwomba Otilia aseme hivyo. Asilaumiwe yeye. Niliogopa kazi."

"Ungesema siku ile ile tungekupeleka wenyewe."

"Ningejuaje, mwalimu? Mpishi aliyekuwepo kabla yangu aliumwa mguu, hakuonekana tena."

Hayo aliyasema kwa heshima, macho chini, lakini aliyasema. Mwalimu Zephania alikunja cheti. Huyo mpishi wa zamani aliondoka kabla yeye hajahamia pale, ila hakujitetea. Alisimama. "Nionyeshe hilo sufuria."

Jikoni Otilia alikuwa anahangaika na kibarua wa muda. Mkuu wa shule alikunja mikono ya shati, akashika sufuria la maharage upande mmoja, Otilia upande wa pili. Walilishusha chini kwa shida. Alipojinyoosha alikuwa amejishika kiuno.

"Mnafanya hivi kila siku?"

"Masufuria matatu ya maharage," Otilia alisema. "Na ya ugali hatujayahesabu. Na viroba. Na maji kutoka bombani, ndoo thelathini." Kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mwalimu Zephania aliuliza wangependa nini. Fortunata alikuwa na majibu, maana siku zote zile alikuwa anayafikiria. Hakuna haja ya kushusha sufuria lililojaa, alisema. Moto ukizimwa, maharage yachotwe kwa upawa sufuria likiwa palepale juu ya jiko, yaingie kwenye ndoo ndogo za kugawia. Ugali nao uchotwe hivyo hivyo, kwa mabakuli. Viroba vya unga visilazwe chini sakafuni. Vikae juu ya meza, vifunguliwe hapo hapo stoo, unga ubebwe kwa ndoo nusu nusu. Na kama mpira wa maji ungeweza kufika kutoka bombani mpaka jikoni, ndoo thelathini zingeisha.

"Mpira upo," mkuu wa shule alisema. "Ule wa bustani. Hautumiki wakati wa mvua."

Mpira ulivutwa wiki ile ile. Meza ilitengenezwa na fundi wa shule kwa mbao za madawati yaliyovunjika. Taarifa ya kuumia iliandikwa, Fortunata akaisoma neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, nayo ikapelekwa kunakohusika. Mwanzoni alifanya kazi nusu siku: kuchambua maharage, kukata vitunguu, kusimamia ugawaji. Mwezi wa tano alirudi siku nzima. Masufuria bado yalikuwepo, kwa sababu wanafunzi mia nne hawawezi kula kutoka kwenye kikaango. Lakini sasa yalibaki juu ya jiko mpaka chakula kiishe.

Walimu waliposema tena habari za nguvu za wanaume wawili, Fortunata aliwajibu, "Basi leteni huyo wa pili anishikie upande ule." Walicheka. Ila waliona kwamba hatanii.

*

Jumamosi moja, mwishoni mwa mwezi huo, Fortunata na Evaristi walikwenda shambani kuvuna maharage. Mvua zilikuwa zimekwisha. Upepo ulipita juu ya nyanda, na maganda makavu yalipasuka yenyewe yakiguswa. Fortunata alivuna mstari mmoja, akajinyoosha, akatembea kidogo ukingoni, akarudi kuanza mwingine. Mgongo ulikuwa na uchovu wa kawaida, uchovu wa mtu aliyefanya kazi.

Mchana walipura, wakapepeta. Evaristi alijaza gunia, akafunga, kisha akasimama akalitazama. Baadaye akalifungua. Akatoa maharage, akayagawa kwenye vifuko vinne vidogo vya kupakia kwenye baiskeli waliyokuja nayo.

Fortunata alisogea kwenye kimoja. Alisimama karibu nacho kabisa, akapiga goti moja, akakikumbatia kifuani. Akaona kivuli cha mume wake kimesimama. Alijua mdomo wake umeshafunguka.

Alisubiri kusikia, "Mama Lucia!"

Evaristi hakusema. Alisubiri mpaka mke wake amesimama, mpaka amegeuza miguu yote miwili kuelekea baiskeli. Ndipo naye akainamia kifuko cha kwake.